Bei ya memware imepanda. Na mushahara wetu?



Siku ya posho moja tulikuwa mu mukutano wa sendika. Tulikuwa tumemaliza kusoma mambo ya kontra za ba journaliers, watu wameanza kutafuta kofia zao, wakati kijana mumoja, chauffeur wa benne, alisimama na telefone mukononi. Akasema: « Ba delege, niko na ulizo. Telefone kama hii niliulizia bei yake ku soko miezi ya nyuma. Nimerudia juzi, imepanda. Muuzaji anasema si yeye, ni memware njo imepanda kule Asia. Sasa munijibu: telefone iko na shaba yetu, iko na cobalt yetu. Juu ya nini bei yake inapanda, na mushahara yetu inabakia paka pale pale? »

Watu walicheka, wakapiga makofi. Sisi tuliokuwa ku meza ya mbele tuliangaliana. Tulijibu vile tunajibu siku zote, eti ni ubepari, ni wakubwa wanakula. Kijana alikaa, lakini tuliona hakushiba. Na sisi pia hatukushiba. Mutu wa sendika asiyejua kitu anachochimba kinaenda kufanya nini, ni kama mama anayeuza unga bila kujua bei ya mugahawa. Kwa hiyo tulitafuta, tulisoma, tuliuliza wanaojua. Leo tunaleta jibu. Si jibu la kufurahisha mahali pote, lakini ni la kweli.

Memware ni kitu gani?

Chipu, ile tunaita puce, ni kipande chembamba cha silisiamu, kitu kinachotolewa mu mawe meupe ya quartz na kusafishwa sana. Kuko chipu za kupiga hesabu, na kuko chipu za kuweka akiba ya habari. Zile za kuweka akiba njo memware. Nazo ziko aina mbili kubwa.

Ya kwanza inaitwa DRAM. Iliwazwa na injinia wa Marekani, Robert Dennard, wa kompani IBM, aliyepata brevet yake mwaka 1968. Tuseme ni ndoo ndogo sana yenye mulango. Ndoo ikijaa umeme inasoma 1, ikiwa tupu inasoma 0. Lakini ndoo hii inavuja. Basi mashine inapita kuzijaza upya mara nyingi kwa sekunde moja. Umeme ukikatika, yote yanapotea. Sisi watu wa délestage tunaelewa hiyo bila kufundishwa. Mwaka 1970 kompani Intel iliuza chipu yenye ndoo 1,024. Leo chipu moja, ndogo kama kucha, iko na ndoo zaidi ya miliari 16.

Ya pili inaitwa flash. Hii umeme ukikatika haisahau. Picha za arusi, nyimbo za kwaya, sauti za WhatsApp za ndugu aliye mbali, zote zinalala mule. Ilitoka mu akili ya injinia wa Japani, Fujio Masuoka, aliyekuwa anafanya kazi kwa Toshiba mu miaka ya 1980.

Miaka mingi ufundi ulikuwa paka kupunguza: kila mara vyumba vidogo zaidi, vingi zaidi juu ya kipande kile kile. Kisha kukafika mahali pa kukwama. Vyumba vya flash vilikuwa vidogo na kukaribiana mpaka vikaanza kuharibiana kazi. Sasa wakafanya kitu ambacho mutu wa mugodi anakielewa haraka kuliko mutu wa ofisi. Carrière ikimaliza upana wake, unafanya nini? Unaingia mugodi wa chini, unafungua maniveau. Wao pia waliacha kupanga juu ya uso, wakaanza kupanga niveau juu ya niveau. Mwaka 2013 Samsung ilitoa flash ya niveau 24. Mwaka 2024 SK hynix ikaanza kutoa kwa wingi flash ya niveau 321. Wanapanga tabaka zote, kisha wanatoboa mashimo yaliyonyooka tangu juu mpaka chini, sawasawa na puits, na yote ndani ya kitu chembamba kuliko ukucha.

DRAM nayo wameifanya vile vile. Wanachukua chipu 8 ao 12, wanazipandisha moja juu ya ingine, na kutoboa mashimo yanayopita ndani ya zote ili habari zipande na kushuka haraka. Mashimo hayo wanayajaza shaba. Mukate huo wa tabaka unaitwa HBM, na njo chakula kikubwa cha mashine za akili bandia, zile zinazojibu maulizo na kuandika kama mutu.

Hapa njo kuko sababu ya bei. DRAM karibu yote ya dunia inatoka kwa kompani tatu: Samsung na SK hynix za Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Mwaka 2025 wenye mashine za akili bandia walikuja na feza nyingi, wakataka HBM, wakataka na memware ingine yote. Viwanda vikageuza mitambo kuelekea upande unaolipa zaidi. Memware ya telefone na ya ordinateri za kawaida ikawa kidogo. Kitu kikiwa kidogo na watu wengi wanakitaka, bei inapanda. Muuzaji wa soko hakudanganya.

Mawe yetu yako wapi ndani yake?

Tuhesabu bila kujisifu. Shaba yetu nyingi haiendi mu chipu. Inaenda mu nyaya za umeme, mu moteri, mu manyumba. Cobalt yetu nyingi inaenda mu betri. Lakini kuko sehemu inayoingia ndani kabisa.

Tuanze na shaba. Zamani nyuzi za ndani ya chipu zilikuwa za aluminiamu. Mwaka 1997 IBM ilitangaza kwamba imeweza kutumia shaba, sababu shaba inapitisha umeme vizuri zaidi. Tatizo moja: shaba inatembea. Inapenya kidogo kidogo mu silisiamu na kuiharibu. Basi lazima kuifunga ndani ya ngozi ya chuma kingine. Ngozi ile ni tantalum, na tantalum inatolewa mu coltan. Hakuna mutu anayeweza kukuambia uzi huu shaba yake imetoka Kolwezi ao Chile. Lakini tuwaze kidogo: shaba, njo Katanga, coltan, njo Kivu na Tanganyika. Mu uzi mumoja usioonekana na jicho, kazi ya mutu wa Kolwezi na kazi ya mutu wa Masisi zinaweza kukutana. Wao wawili hawajaonana hata siku moja, na hakuna mukutano wa sendika uliowakalisha ku meza moja.

Bati, ni kusema kasiterite ya Walikale, ya Kalima, ya Manono. Bati inashika chipu ku sahani yake, kila fundi wa telefone anajua. Lakini kuko kazi ingine ambayo sisi wenyewe ilitushangaza. Ili kuchora vitu vidogo namna ile, viwanda vinatumia mwangaza wa pekee, na mashine ya kuutoa inatengenezwa na kompani moja tu mu dunia nzima, ASML ya Uholanzi. Mashine moja inapita dola milioni 150. Ndani yake, kila sekunde, kunaanguka matone 50,000 ya bati iliyoyeyuka, na kila tone linapigwa na laser mpaka linatoa ule mwangaza. Samsung ilianza kutumia mwangaza huo ku DRAM mwaka 2020, na wengine wakafuata. Mugodi wa Bisie, kule Walikale, ulitoa bati zaidi ya tani 17,000 kwa mwaka 2024. Mwezi wa 3 mwaka 2025 vita vilipokaribia, kazi ilisimama pale, na bei ya bati mu dunia ikatikisika. Mukasikia wapi wakiuliza wachimbaji walikimbilia wapi?

Tungsten, inayotoka mu wolframite, imetumika miaka mingi mu flash kama njia za umeme za kila niveau.

Na germanium. Hii ni ya kwetu kabisa. Transistor ya kwanza ya dunia, mwaka 1947, ilikuwa ya germanium. Mwaka 1958, wakati Jack Kilby wa Marekani alifanya sakiti ya kwanza ndani ya kipande kimoja, alitumia germanium. Na mu miaka ile ya 1950, mugodi wa Kipushi ulikuwa kati ya migodi mikubwa ya dunia yenye kutoa germanium. Ba koko wetu walioshuka mule hawakuambiwa kitu. Waliambiwa shaba na zinki.

Kidogo sana, tena inabadilishwa

Sasa tunafika ku neno gumu. Mu mikutano, wanasiasa wanapenda kutuambia: « Bila Congo dunia haina telefone. Wanatuhitaji. » Tunapiga makofi, tunarudia nyumbani na njaa. Tusidanganyane. Mu chipu, chuma chetu kinahesabiwa kwa nanometa. Chukua milimeta moja, uikate vipande milioni moja: kipande kimoja njo nanometa. Ile ngozi ya tantalum ni nanometa chache tu. Kwa hiyo bei ya memware inaweza kupanda mara mbili, na kilo ya chuma isiongezeke hata franga moja. Anayekula pale si mwenye jiwe. Ni mwenye ufundi na mwenye mashine, tena wale ni wachache na wanajuana.

Neno gumu la pili: chuma kinabadilishwa. Tuangalie tena historia. Germanium ilianza kwa heshima yote, halafu silisiamu ikaipokonya kiti. Aluminiamu ilikuwa ndani, shaba ikaitoa. Pale sisi tulipata. Mu chipu zake za kizazi cha nanometa 10, Intel iliweka cobalt mu nyuzi nyembamba zaidi, na watu wakaanza kusema cobalt njo shaba ya kesho. Mu kizazi kilichofuata ikarudi ku shaba, cobalt ikabakia ngozi nyembamba tu. Na mwaka 2025 kompani ya mashine Lam Research ilitoa mutambo wa kuweka molybdenum pahali pa tungsten, na wafanyaji wa flash wameanza kuutumia, sababu ku niveau nyingi namna ile tungsten imekuwa nzito kupitisha umeme. Mule mu maabara wanaendelea kutafuta chuma cha kuchukua nafasi ya tantalum pia. Injinia anayefanya hivyo hana ubaya na sisi. Hajui hata kama tuko.

Basi tunasema hivi: nguvu ya mufanyakazi wa mugodi haiko mu jiwe. Jiwe linaweza kuachwa kesho. Nguvu iko paka mu namna tumejipanga siku jiwe bado linatakiwa.

Kuko ushuhuda wa karibu. Mwezi wa 2 mwaka 2025 Serikali ilifunga kutoka kwa cobalt. Mwezi wa 10 ikafungua kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Bei ya cobalt mu dunia ilipanda mara mbili na zaidi. Hatusemi Serikali ilikosea. Nchi kutumia silaha yake ni haki. Tunauliza ulizo moja tu. Kila mutu achukue bulletin de paie ya mwezi wa 1 mwaka 2025 na ile ya mwezi wa 12, aziweke pamoja juu ya meza, aite na mama wa nyumba. Ile bei iliyopanda mara mbili inaonekana ku mustari gani? Kama haionekani, basi kijana wa benne amepata nusu ya jibu lake. Bei ikipanda, haishuki yenyewe ku mushahara. Lazima mutu aivute.

Wenzetu wa Korea waliivuta

Nusu ya pili ya jibu iko kule memware inakotengenezwa. Watu wengine kwetu wanawaza kule hakuna sendika, kuko paka marobo na watu wa mavazi meupe. Si kweli. Kuko wafanyakazi kama sisi, wanaolia kama sisi.

Kulikuwa musichana mumoja wa Korea, Hwang Yu-mi. Alianza kazi mu kiwanda cha chipu cha Samsung, kule Giheung, mwaka 2003, akiwa mutoto tu wa kutoka shule. Alikuwa anatumbukiza silisiamu mu maji ya kemikali. Akashikwa na kansa ya damu. Alikufa mwaka 2007, na miaka 22. Baba yake, Hwang Sang-gi, ni chauffeur wa taksi. Walimuambia ugonjwa hauhusiani na kazi. Alikataa. Alitafuta wazazi wengine, akakuta hayuko peke yake, wakaungana, wakakaa ku barabara, wakaenda ku tribinali. Mwaka 2014 tribinali kubwa ya Seoul ilikubali kwamba kifo cha mutoto kilitokana na kazi. Mwaka 2018 Samsung iliomba musamaha mbele ya watu na kukubali kulipa wagonjwa na familia. Miaka 11. Chauffeur wa taksi mbele ya kompani kubwa kuliko zote za nchi yake.

Kompani ile ile ilikuwa na kanuni ya zamani ya kutotaka sendika. Mwaka 2020 mukubwa wake alisema hadharani kwamba kanuni hiyo imeisha. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza tangu izaliwe, wafanyakazi wake walifanya mugomo.

Na kwa SK hynix, wale wa niveau 321, mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 2024 kompani ilipata faida ya kazi zaidi ya miliari 23,000 za won, ni kusema zaidi ya miliari 16 za dola. Wafanyakazi walikuwa na prime ya faida, lakini ilikuwa na kifuniko: kompani ipate namna gani, prime haipiti kipimo fulani. Sendika zikasema kifuniko kitoke. Kompani ikaleta kidogo, wakakataa. Ikaongeza kidogo, wakakataa tena, wakatoka nje kupiga kelele. Mwanzo wa mwezi wa 9 mwaka 2025 wakasikilizana: kifuniko kimeondolewa, na kila mwaka asilimia 10 ya faida ya kazi inaenda ku wafanyakazi. Mushahara ukaongezwa asilimia 6 juu yake.

Muangalie vizuri. Hawakusema « tunateseka, mutuhurumie ». Walisema: tunajua kitu hiki kinauzwa bei gani, tunajua munapata kiasi gani, sehemu yetu ni hii, iandikwe. Walijua hesabu. Walikuwa pamoja. Na walichagua saa: saa bei iko juu.

Tutadai nini?

Watatujibu: Korea ni Korea, hapa ni Congo. Tunakubali. Na hatutawadanganya kama wale wanaoahidi kiwanda cha chipu hapa kwetu. Kiwanda kimoja cha memware kinapita miliari 10 za dola, kinataka umeme usiozimika hata dakika moja na maji safi kuliko maji ya dawa. Sisi mu cité tunachota maji saa nane za usiku. Hatua inayofikika iko karibu zaidi. Pale Lubumbashi, kwa kile kilima cheusi cha scories, Société du Terril de Lubumbashi imeanza kutoa germanium, na mwaka 2024 muzigo wa kwanza ulienda Ubelgiji kusafishwa. Hiyo ni hatua. Ya kufuata ni kusafisha zaidi hapa hapa, na watoto wetu wafundishwe kazi ile mbele mashine hazijafika.

Lakini kuko mambo tunayoweza kuanza mwezi huu, mu kila mugodi wenye delege.

La kwanza: kipande cha bei mu convention collective. Kila mara tunapojadiliana, tunajadili bei ya unga. Ni lazima, lakini haitoshi. Tuombe kuandikwe kwamba bei ya chuma ikipita kipimo fulani, prime inaongezeka kwa kipimo kinachojulikana, bila kupiga magoti. Na isiwe ya embauchés peke yao. Mutu wa sous-traitance anayevuta vumbi lile lile lazima aingie ndani. Tukimuacha nje, kesho kompani itamutumia kuvunja mugomo wetu, na itakuwa ni kosa letu.

La pili: feza ambayo sheria imekwisha kutoa. Code minier ya 2018 iko wazi. Kompani inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka mugodi. Redevance ya cobalt, ya coltan na ya germanium ni asilimia 10, sababu ziliitwa madini ya pekee, na mu redevance hiyo asilimia 15 ni ya commune na chefferie ambako mugodi uko. Ba mama, hii ni kazi yenu pia. Muende kwa bourgmestre, muulize: mwaka jana kuliingia ngapi, zimefanya nini? Muulize kwa maandishi. Mutu anayeuliza kwa mudomo anajibiwa kwa mudomo.

La tatu: buku la afya. Baba wa Hwang Yu-mi alipata shida kubwa juu ya kitu kimoja: kuonyesha mutoto alishika kemikali gani, siku gani, mu chumba gani. Sisi tutafanya nini siku mapafu ya mutu yatafunga ao ngozi itaungua kwa asidi ya usine? Tuandike sasa. Kila delege awe na kayi: nani, kazi gani, mu kituo gani, tangu lini, alikohoa lini, dokta alisema nini. Picha ya fiche médicale iwekwe mu telefone. Kwa hiyo tu, memware ile itakuwa imetusaidia.

La ine: tuongee na wa upande wa Kivu na Maniema. Mwaka 2010 Marekani iliweka sheria juu ya madini ya vita, ile watu wanaita loi Obama. Serikali yetu ikafunga migodi ya upande ule miezi sita, kutoka mwezi wa 9 mwaka 2010 mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Wakubwa waliongea Washington na Kinshasa; mutu wa shimo alibakia bila unga. Tangu mwaka 2024 coltan ya Rubaya iko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba karibu asilimia 15 ya tantalum ya dunia inatoka pale. Mwisho wa yote haya kutakuwa mapatano. Kwa meza ile watakaa waziri, balozi, mukubwa wa kompani. Kama sisi hatuna kiti, tutakuwa ndani ya sahani.

Jibu la kijana

Tumurudilie kijana wa benne. Ndugu yetu, bei ya memware ilipanda sababu watu watatu wanashika kitu ambacho matajiri wote wanakitaka. Mushahara wako haukupanda sababu kati ya jiwe lako na chipu ile kuko milango mingi, na ku kila mulango kuko mutu anayejua bei, isipokuwa sisi. Wenzako wa Korea nao walikuwa ku mulango wa mwisho wanapewa makombo, mpaka siku walijifunza hesabu.

Kuko wanaosema tukidai, kompani itafunga iende. Tumesikia neno hili tangu wakati wa ba papa. Shaba haina miguu, shimo halihami. Lakini tusilale pia tukiwaza jiwe litatakiwa milele, sababu germanium ya Kipushi nayo ilikuwa mufalme. Bei iko juu leo. Ya kesho ni ya Mungu, na ya wale mainjinia.

Mukutano unaofuata, kila mutu aje na mabulletin yake mawili, ya mwanzo na ya mwisho wa mwaka 2025. Tutayapanga juu ya meza, mustari kwa mustari. Kijana wa benne, wewe utakuja na telefone yako, utapiga picha zote na kuziweka. Kama nafasi imejaa, futa nyimbo kidogo.